Boksi Tupu Lina Nafasi, Mimi Sina

Jirani, sogea kidogo nikae. Hapo pembeni panatosha. Siku hizi mimi sihitaji nafasi kubwa, utajua kwa nini. Na chai agiza wewe, mwenye butiki akisikia sauti yangu anakumbuka deni.

Hukuwepo siku ile, kabla Ziwa Kivu halijafungwa kwa uvuvi. Jumamosi, saa sita mchana, hapa hapa Rubona, mwaloni watu wamejaa. Mama mmoja kashuka kwenye pikipiki, katoka Gisenyi mjini, kavaa vizuri, anataka samaki, sambaza kilo tano. Sambaza ziko mezani. Pesa iko mkobani mwake. Mimi nimesimama katikati. Hapo mtu mwenye akili anafanya nini? Anapima, anapokea, anasema asante. Mimi nikamwambia, "Mama, mambo ya kunyoosha kidole ni ya zamani. Nunua kwenye apu yangu."

Akacheka, akakubali. Nikamrushia apu kwa WhatsApp, ikala mega zake, ikakaa. Akaifungua. Picha ya sambaza ikatokea, inang'aa, imejaa kioo chote. Mama akasema, "Nzuri. Pa kununulia ni wapi?" Nikasema ni chini ya picha. Akasukuma kwa kidole. Picha haisogei. Akasukuma tena. Picha imekaa kama mkwe aliyekuja kusalimia akapenda kitanda. Nikamwomba simu nisukume mimi mwenye mali. Nikasukuma mpaka jasho likadondoka kwenye kioo. Simu ikadhani jasho ni kidole, ikampigia mama mkwe wake.

Batani ilikuwepo, jirani! Niliiweka kwa mkono wangu. Ila ilikuwa chini ya ukingo wa kioo, kule macho hayafiki wala kidole. Ilikuwepo kama gesi ya ziwa letu hili: wataalamu wanasema ipo, wewe huioni.

Mama akarudisha simu mkobani. Akahamia meza ya pili. Akanyoosha kidole. Kilo tano, kwisha. Nikageuka. Mama watoto alikuwa nyuma yangu muda wote, ameshika mwiko wa kukaangia. Hakusema neno. Mke akisema, unajua pa kujitetea. Asiposema, kesi imekwisha na hukumu imeshaandikwa.

Mambo yalianza hivi. Biashara ni ya mama watoto, unajua. Mimi ni msaidizi. Kazi yangu kubwa ni kupisha njia. Yeye ana wateja wake: mahoteli, mabaa, kina mama wanaovuka na mabeseni kwenda Goma. Wote wanampigia simu. Simu inalia ana mafuta mkononi. Inalia yuko kanisani. Inalia usiku, nami ndiye ninayeambiwa niipokee nikiwa na usingizi, nikamwambia mwenye hoteli kilo kumi ni kumi na tano. Siku moja nimekaa hapa hapa butiki, nikaropoka: nitatengeneza apu. Watu wakanyamaza. Nikaupenda ule ukimya. Nikadhani ni heshima. Baadaye nikaambiwa walikuwa wanasubiri nicheke, na wao wacheke.

Mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta Kigali. Akaja likizo. Nikamwambia, "Mpwa, nifanyie apu." Akasema, "Mjomba, sikufanyii. Nakufundisha." Vijana wa siku hizi wana roho mbaya iliyosomeshwa.

Akafungua kompyuta yake, akaniingiza kwenye kitu kinaitwa App Inventor. Anasema Google ndio waliokianzisha, 2010, halafu kikahamia chuo cha MIT kule Marekani, na tangu 2012 wao ndio wanaokitoa kwa watu. Bure. Kwa watoto wa shule na kwa watu wasiojua kitu. Aliposema "wasiojua kitu" alinitazama. Humo huandiki mistari ya kizungu. Unavuta vitu kwa panya na kuviachia kwenye picha ya simu. Batani unaivuta. Picha unaivuta. Maandishi unayavuta. Nikasema kuvuta najua, ujanani nilivuta nyavu. Sikumwambia ilikuwa siku tatu tu, ya nne mgongo ukaomba ruhusa.

Basi nikavuta. Nataka picha kushoto, bei kulia kwake, batani pembeni ya bei. Jambo dogo. Picha nikaiachia, ikakaa. Bei nikaiachia kulia. Ikaruka, ikaenda chini ya picha. Nikairudisha. Ikaruka tena. Batani nayo ikaenda chini ya bei. Kila ninachoachia kinakwenda mkiani, kimejikunyata upande wa kushoto, kama sisi pale mpakani, Petite Barrière, asubuhi tukisubiri kuvuka. Mpwa akasema ndivyo kioo kilivyo. Chenyewe kinajua kupanga wima tu. Wa kwanza juu, wa pili chini yake, wa tatu chini ya wa pili. Ukitaka vitu viwili vikae bega kwa bega, tia kwenye kontena.

Kontena! Nikacheka. Kontena nazijua mimi. Zinakuja juu ya malori kutoka Dar es Salaam na Mombasa, zinapita zikienda Goma, dereva analala ndani ya kichwa cha gari wiki nzima anasubiri mhuri. Nikamuuliza litaingiaje kwenye simu. Hakucheka. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Aliandika kitu kwenye daftari lake. Nadhani chuoni wananisoma.

Kumbe kontena la kwenye apu ni boksi lisilo na sura. Kazi yake ni kushikilia wenzake, basi. Liko boksi la mlalo: ukitia vitu ndani, vinajipanga kushoto kwenda kulia. Liko la wima: vinajipanga juu kwenda chini. Liko la jedwali, lina safu na mistari kama daftari la madeni la huyu mwenye butiki. Majina yake ya kizungu ni horizonto-arenjimenti na vatiko-arenjimenti. Nilipoyatamka mara ya kwanza, mtoto wangu wa mwisho alikimbia kuniletea maji.

Nikatia picha, bei na batani ndani ya boksi la mlalo. Zikakaa bega kwa bega! Nikamwita mama watoto aje aone. Akaja anajipangusa mikono. Akatazama. Akasema, "Zimekaa sawa. Mbona ulisema ni kazi?" Akarudi jikoni. Saa nne nzima, jirani. Saa nne, kwa vitu vitatu.

Nikamuuliza mpwa, kwa nini nisiibandike batani pale pale ninapotaka? Nipime kwa rula, niitie gundi, nimalize. Akavuta pumzi. Akasema hata Android yenyewe ilikuwa na boksi la namna hiyo, la kubandika kitu kwa vipimo, na tangu 2009 walishatangaza kwamba lisitumike. Kwa sababu simu hazilingani. Utakachobandika kwenye simu ya tajiri, kwenye simu ya maskini kitaangukia nje. Mafundi wakubwa siku hizi wana boksi jingine, lilitangazwa 2016, humo kila kitu kinafungwa kamba kwa mwenzake: wewe uko kulia kwa huyu, wewe uko chini ya yule, na kioo kikipanuka wote wanajua wapi pa kwenda. Nikasema nataka hilo la kamba. Akasema, "Mjomba, kamba za viatu kwanza." Nilitazama chini. Kweli, kimoja kilikuwa kimefunguka.

Halafu tukaingia mambo ya ukoo. Boksi, anasema, ndiye mzazi. Vilivyomo ndani ndio watoto. Kila mtoto anaulizwa upana wake. Yuko wa otomatiki: huyo anachukua panapomtosha mwili wake, hana tamaa. Yuko wa kupimiwa, kwa namba au kwa asilimia. Na yuko wa "jaza mzazi". Huyo anatanuka mpaka agonge kuta za mzazi wake. Nikamwambia asinieleze, wa hivyo ninao wanne. Akasema wakiwa wawili wa "jaza mzazi" ndani ya boksi moja, nafasi iliyobaki wanagawana sawa kwa sawa. Hapo nikajua kompyuta haina watoto.

Nikadhani nimeelewa. Nikaweka batani ya "jaza mzazi" ndani ya boksi la otomatiki. Haikutanuka hata ukucha. Nikaibonyeza, nikaibembeleza. Wapi. Mpwa akasema, "Mjomba, mzazi mwenyewe ni otomatiki. Anasubiri kuona watoto wana ukubwa gani ndipo ajue wake. Na mtoto anamsubiri mzazi. Atajaza nini?" Nikanyamaza. Hiyo ni nyumba yangu tarehe 28 ya kila mwezi. Mimi namtazama mkubwa, labda kapata kibarua. Mkubwa ananitazama mimi. Tunatazamana mpaka mama watoto anapotoa pesa kwenye kitenge.

Kesho yake nikakuta pengo. Katikati ya kioo, peupe, pana kama uwanja wa mpira. Hakuna picha, hakuna bei. Nikabonyeza hapo: boksi tupu. Nililiweka jana, nikalisahau. Mpwa akasema ndiyo kanuni, boksi la otomatiki likiwa halina kitu, App Inventor inalipa nukta 100. Mia moja, jirani! Halina picha, halina batani, halina kazi, limelala tu, linapewa 100. Mimi mwenye nyumba, baba wa watoto wanne, nalala kwenye ukingo wa kitanda ubavu mmoja uko hewani. Na mtoto wa mwisho akija usiku naambiwa nisogee.

Nikasema lifichwe. Kuna mahali pa kutia tiki, lionekane au lisionekane. Mpwa akatoa tiki. Boksi likatoweka, na nafasi yake ikamezwa hapo hapo, waliokuwa chini wakapanda juu kama hawakuwahi kumjua. Na anasema ukimficha mzazi, hata awe na watoto kumi ndani, wote wanafichika naye. Nikapiga hesabu. Asiye na kitu lakini anaonekana, 100. Mwenye mali yake yote lakini kafichwa, sifuri. Nikamwambia mpwa, hiyo siyo kompyuta. Hiyo ni harusi, viti vya mbele.

Wiki ya pili nikawa mtaalamu. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Kila nilichoona nilikitia kwenye boksi. Boksi la wima ndani ya la mlalo, la mlalo ndani ya la wima, ndani yake jingine, mwisho kabisa kuna neno moja: "kilo". Nilikuwa na maboksi 31. Majina sikuyabadilisha, yakabaki horizonto namba kumi na saba, vatiko namba tisa. Nikitaka kusogeza bei, inasogea picha. Nikitaka kupaka rangi batani, kinachopakwa ni kichwa cha habari. Nikaona boksi moja la juu juu limekaa tu, sijui la nini. Nikalifuta. Kompyuta ikaniuliza kitu kwa kizungu, ina hakika hii, ina hakika ile. Mimi mtu akiniuliza kwa kizungu najibu ndiyo, niliokoka hivyo shuleni. Nikabonyeza ndiyo.

Lilikuwa babu yao wote. Boksi likaenda na watoto, wajukuu, vitukuu. Picha, bei, batani, kilo. Kioo kikabaki cheupe kama kanzu ya Idi. Ukifuta mzazi, jirani, ukoo unakwenda. Mpwa alikuwa ameenda kuogelea maji moto. Nikafunga kompyuta taratibu, kama mtu anayefunika maiti.

Nikashuka ziwani nikakaa juu ya jiwe. Jioni, ikipe zinajiandaa kutoka. Unaziona kila siku, lakini mimi siku ile niliziona. Mitumbwi mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa juu yake, wanaume wanapiga makasia na kuimba. Mzee mmoja wa ikipe akaniuliza kilichonisibu. Nikamweleza maboksi. Alisikiliza vizuri, mzee wa watu. Halafu akasema, "Sisi mtumbwi hatuupangi majini. Tunapanga miti. Miti ikikaa, mitumbwi inafuata, hata wimbi likija yote mitatu inapanda pamoja." Nikashtuka. Nikamwambia mzee, hiyo ni horizonto-arenjimenti. Akasema, "Pole sana, utapona."

Mpwa akatukuta pale, nywele mbichi, akatia chumvi. Akasema hata ziwa lenyewe limepangwa, tena kwa wima. Kivu lina kina cha mita 485. Juu maji mepesi yenye hewa, huko ndiko sambaza wanakoishi, na wenyewe ni wageni, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Chini maji mazito yenye chumvi, tabaka juu ya tabaka, hayachanganyiki. Humo chini ndimo gesi ilimofungiwa: kilomita za ujazo kama 300 za kaboni dayoksaidi na kama 60 za methani. Hapa hapa Rubona walianza kuivuta hiyo methani tangu 1963, ikachemshia mitambo ya kiwanda cha bia. Nzuri. Sasa matabaka yakivurugika, ya chini yakaja juu? Akasema mwaka 1986, kule Kamerun, ziwa Nyos lilifumuka hivyo, likaua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja. Na Nyos ni kidimbwi mbele ya Kivu.

Mzee akaondoa kofia. Mimi nikawaza boksi langu la juu juu. Kuna vitu ukivikuta vimekaa, usiulize vya nini. Viache vikae.

Tukaanza upya. Sasa lugha. Hapa petu mteja mmoja ni wa Kinyarwanda, mwingine Kifaransa, mwingine wa Goma anataka Kiswahili chake, nacho si cha kudharauliwa, tangu 2017 kimo kwenye lugha rasmi za Rwanda. Nikasema apu iseme zote tatu. Nikaandika "Karibu" kwenye kichwa cha habari. Ikaenea vizuri, na nafasi ikabaki. Nikabadilisha "Bienvenue". Ikabana pumzi, ikapita. Nikabadilisha "Murakaza neza". Ikakatika katikati, "neza" ikashuka mstari wa pili, ikasukuma picha, picha ikasukuma bei, bei ikasukuma batani. Neno moja la heshima likawahamisha watu wote! Mpwa akasema nilipima boksi kwa neno fupi. Boksi la maneno liachwe linyumbuke, pimia neno refu kuliko yote. Nikasema sawa. Kichwani najiuliza kwa nini Kinyarwanda hakiwezi kukaribisha mtu haraka.

Halafu ndiyo ile Jumamosi. Picha nilikuwa nimeipa urefu kwa namba, naitazama kwenye simu ya mpwa, ndefu kama mlango. Simu ya yule mama ni fupi. Picha ikala kioo chote, batani ikaanguka nje. Na kioo kilikuwa hakisogei kwa sababu kuna tiki inayoruhusu kioo kusogezwa juu na chini, na App Inventor haikutilii, unatia mwenyewe. Mimi sikutia. Kilo tano zimekwenda kwa sababu ya tiki, jirani. Tiki! Shuleni nilizikosa zote, na uzeeni bado zinanikosa.

Jioni ile mama watoto akavuta kiti. Hajawahi kukaa mbele ya kompyuta. Akavaa miwani yake ya kusomea Biblia, akatazama maboksi yangu kwa muda mrefu. Akauliza, "Mbona kila samaki umempa beseni lake?"

Nikaanza kumweleza mambo ya wazazi na watoto. Akanyanyua mkono.

"Mimi sipangi sambaza moja moja," akasema. "Napanga masinia. Mbichi sinia hili, kavu lile, za kukaanga zikae karibu na pua ya mteja. Mzani hapa. Pesa karibu na mkono wangu. Basi. Sambaza zikishaingia kwenye sinia zitalala zenyewe. Na wewe, hiyo picha kubwa ya nini? Mteja amekuja kununua au amekuja kutembelea mnara? Pa kununulia paweke juu."

Mpwa alikuwa ameacha mdomo wazi. Akafungua daftari, akaandika, safari hii kwa adabu. Mwaka wa pili huo chuoni, anasema, mwalimu wao alitumia wiki tatu kusema maneno hayo.

Maboksi yakatoka 31, yakabaki matano. La juu kabisa, jina la biashara na batani ya kuagiza, upana "jaza mzazi", hata simu iwe ndogo kama kiberiti utaiona. Yanayofuata matatu ya mlalo, mbichi, kavu, za kukaanga, kila moja na kijipicha chake na bei yake. Picha zimepimwa kwa asilimia, simu ikipungua nazo zinapungua. La mwisho maelekezo ya kufika. Kila boksi likapewa jina la Kikristo: mbichi, kavu, kaanga. Tiki ya kusogeza ikatiwa. Mama watoto aliitia mwenyewe, kwa kidole kilichonukia mafuta.

Apu sasa inafanya kazi, jirani, sikufichi. Mahoteli wanaitumia. Ukibonyeza kuagiza inapiga simu kwa mwenye biashara. Kwa hiyo simu yake inalia mara mbili ya zamani, na mimi ndiye nilaumiwaye. Nilimwomba mpwa atie jina langu mahali, hata chini kabisa, kwa herufi ndogo: mtengenezaji fulani. Akalitia. Juzi nikafungua nilitazame. Mama watoto kaliondolea tiki.

Basi ziwa likafungwa. Kila mwaka wanafunga kama miezi miwili sambaza wazaane. Mitumbwi ile pale ufukweni, mitatu mitatu, miti bado imeshikilia, nyavu hamna. Kwenye apu, boksi la mbichi likawa tupu. Limekaa pale linakula 100 yake. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha utaalamu. Nikamwambia mama watoto, nalificha, lisitupotezee nafasi. Akasema, "Liache."

"Halina kitu!"

"Liache hivyo hivyo. Mteja akiona pengo atajua kuna kitu kitarudi hapo. Ukilificha, atadhani tumeacha kuuza, atatafuta mwingine."

Sikuwa na jibu. Miaka yote niliyolaani viti vitupu vya watu wakubwa, hakuna aliyewahi kunieleza hivyo.

Leo asubuhi kavuka kwenda Goma na sambaza kavu. Kanipangia kazi. "Kaa pale mezani. Usiuze kitu, hakuna cha kuuza. Usimweleze mtu kitu. Usimrushie mtu apu. Kaa tu, watu wajue meza ina mwenyewe."

Nimekaa tangu saa moja. Nikisimama, wima. Nikichoka najinyoosha kwenye benchi, mlalo. Nimetoroka dakika tano tu, kwa ajili ya hii chai yako.

Ila tazama pale, jirani. Meza ile, unaiona? Haina samaki, haina mtu. Na yule mama mwenye beseni amefika, ameitazama, ameizunguka taratibu, ameweka vitu vyake mbali kidogo, kaiheshimu. Mimi nikiwa nimekaa pale, alikuwa anatua beseni lake kwenye magoti yangu.